Kufunga mshipi wa baharini: mafundo, ndoana na chubwi kwa anayevua kwa chambo

Ukipotewa na samaki, usiilaumu bahari. Vuta mshipi wako, uitazame ncha yake.

Ikiwa imekatika safi kama iliyopitiwa na wembe, hayo ni meno: nguru, mzia, au mkunga aliyekuvizia pangoni. Ikiwa imechubuka, imekuwa nyeupe na kuota nyuzinyuzi kama katani, umesuguana na mwamba. Lakini ikiwa imejikunja kama mkia wa kinyonga, samaki hana kosa na mwamba hauna kosa. Fundo lako limefumuka.

Mkia huo wa kinyonga niliuona mara ya kwanza nyuma ya kisiwa cha Changuu, hapa Unguja, nikiwa na miaka kumi na tano ndani ya ngalawa ya mjomba wangu. Chewa alikuwa ameshapanda karibu, kivuli chake cha hudhurungi nakiona chini ya maji, mara mshipi ukawa mwepesi mkononi. Mjomba hakunigombeza. Aliishika ile ncha, akaiviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akauliza, "Fundo gani hili, mwanangu?" Lilikuwa fundo la kamba ya kiatu. Siku ile sikutupa mshipi tena mpaka nilipopiga mafundo ishirini kwenye ndoana kuukuu, na kila moja alilivuta yeye mwenyewe kwa nguvu zake zote.

Ndiyo maana mwongozo huu naanza na mafundo, kabla ya chambo na kabla ya kukwambia samaki wako wapi. Mafundo matatu yanakutosha kwa karibu kila uvuvi wa mshipi wa mkono katika pwani yetu. Yajue mpaka mikono iyafanye gizani.

Vifaa vya kuanzia

Nailoni ya milimita 0.60 kwa mshipi mkuu. Nyembamba zaidi ya hapo inakata vidole, nene zaidi inasukumwa na mkondo na changu anaiona. Wanaofuata chewa wakubwa kwenye maji ya kina hupanda mpaka milimita 0.80 au 1.0. Kwa anayeanza, roli moja ya 0.60 na nyingine ndogo ya 0.40 zinatosha.

Ndoana zina hesabu inayowachanganya watu wengi dukani. Namba za kawaida zikipanda, ndoana inapungua: namba 8 ni ndogo kuliko namba 4. Zikifika namba 1, hesabu inageuka. Inakuja 1/0, halafu 2/0, 3/0, na hapo kila namba inapopanda ndoana nayo inakua. Kwa changu na chaa chukua namba 4 mpaka 1. Kwa chewa na kolekole chukua 2/0 mpaka 5/0. Nunua ukubwa wa aina mbili au tatu tu.

Machubwi ya risasi, vile vizito vya kuzamishia mshipi, ya gramu 60, 80 na 120. Swiveli chache, kile kiungo cha chuma chenye matundu mawili yanayozunguka ili mshipi usijisokote. Kisu, koleo, kitambaa, na kibao cha kuzungushia mshipi. Risasi ni sumu: usiing'ate kwa meno kuibana, na nawa mikono kabla hujala mkate wako.

Vipimo nitavitaja kwa shibiri na pima, maana mkono unao muda wote na rula utaisahau nyumbani. Shibiri ni kutoka ncha ya gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa.

Fundo la kuzungusha

Hili ni la kufungia ndoana, swiveli, au kitu chochote chenye tundu. Mkia ni ile ncha fupi unayofanyia kazi, na mshipi mkuu ni upande mwingine unaoelekea mkononi.

1. Pitisha mkia kwenye tundu la ndoana, utokeze shibiri moja.
2. Uzungushe kwenye mshipi mkuu mara tano, ukipanda juu. Acha kijishimo kidogo pale chini karibu na tundu, kisizibwe.
3. Rudisha mkia chini, uupitishe kwenye kile kijishimo. Utaona duara jipya, kubwa zaidi, limejitengeneza ubavuni. Pitisha mkia humo pia.
4. Tia mate. Usiruke hatua hii.
5. Vuta mshipi mkuu polepole, mkia umeubana kidogo kwa meno au kwa vidole. Mizunguko itashuka na kujipanga mmoja juu ya mwenzake kama springi.
6. Likishakaza, kata mkia ubakishe milimita tatu.

Mate yana kazi yake. Nailoni ikijisugua yenyewe inapata joto, na joto huidhoofisha palepale ambapo mzigo wote wa samaki utaegemea. Fundo lililovutwa kavu utalitambua: pembeni yake nailoni imejikunjakunja na kupoteza mng'aro. Kata, anza upya. Na ikiwa nailoni yako ni nene, milimita 0.80 na kuendelea, mizunguko minne inatosha. Ukizidisha halikazi, linabaki limevimba, na samaki wa kwanza mzito atakuonyesha mkia wa kinyonga.

Fundo la kitanzi

Nje linajulikana kwa jina la Palomar. Ni jepesi kuliko la kwanza na lina nguvu sana, ila linataka tundu kubwa kidogo.

1. Kunja mshipi uwe mara mbili, urefu wa shibiri moja.
2. Pitisha mkunjo huo kwenye tundu la ndoana.
3. Piga fundo la kawaida kwa nailoni hiyo ya mara mbili, bila kukaza. Ndoana ibaki inaning'inia katikati.
4. Chukua kitanzi kilichobaki, uivishe ndoana nzima ipite ndani yake, kisha kitanzi kiinuke juu kikutane na mshipi juu ya tundu.
5. Tia mate, vuta mshipi mkuu na mkia kwa pamoja.

Kosa la kawaida ni nailoni kupishana ndani ya tundu. Kabla ya kukaza, hakikisha nyuzi mbili zimelala sambamba. Zikipishana, moja inaikata nyingine.

Kitanzi cha ubavuni

Hili ndilo gumu, na ndilo lililonichukua siku nyingi. Linatoa kitanzi katikati ya mshipi bila kuukata, kinachosimama pembeni kama tawi la mti. Bila hili huwezi kufunga ndoana mbili kwenye mshipi mmoja zisisokotane.

1. Katikati ya mshipi fanya duara la upana wa kiganja, pande mbili zipishane.
2. Pale zinapopishana, zungusha upande mmoja kwenye mwenzake mara sita.
3. Tafuta katikati ya mizunguko hiyo: mitatu iwe kushoto, mitatu kulia. Tanua nafasi hapo katikati, uchomeke njiti ya kiberiti isijifunge.
4. Chukua upande wa duara ulio mkabala na njiti, toa njiti, upenyeze upande huo kwenye nafasi hiyo hiyo. Kitanzi kimetoka.
5. Kishike kitanzi kwa meno au kitundike kwenye msumari. Tia mate, vuta mshipi pande zote mbili, kushoto na kulia, kwa nguvu sawa.

Ikiwa mizunguko imerundikana upande mmoja, kitanzi kitalala badala ya kusimama. Fumua, rudia. Ile njiti ya kiberiti inaonekana jambo dogo, lakini kila niliyemfundisha bila njiti amekata tamaa, na kila niliyempa njiti amelipata siku ile ile.

Mshipi wa chubwi chini, ndoana mbili

Kama ungeniruhusu kubaki na namna moja tu ya kufunga mshipi, ningebaki na hii. Unashuka juu ya mwamba, chubwi linakaa chini, ndoana mbili zinaelea juu yake mbali na mawe na mbali na kaa wanaomaliza chambo. Changu anaipenda, chewa anaipenda.

Kata pima moja ya nailoni ya 0.60. Kichwani funga swiveli kwa fundo la kuzungusha. Kwenye tundu la pili la swiveli ndipo utakapofunga mshipi mkuu. Sasa anza kutoka chini. Pima shibiri mbili, piga kitanzi cha ubavuni, kirefu kama nusu shibiri. Pima tena shibiri mbili na nusu kwenda juu, piga cha pili. Kumbuka kila kitanzi kinakula nailoni yake, kwa hiyo pima baada ya kukaza.

Kuvisha ndoana: bana ncha ya kitanzi, uipenyeze kwenye tundu la ndoana, kisha uivishe ndoana yenyewe ndani ya kitanzi na kuvuta. Hakuna fundo jingine hapo, na ndoana ikiota kutu unaibadilisha kwa sekunde chache. Kisha fanya jaribio: nyoosha mshipi wima, uone kama ndoana ya juu inaifikia ya chini. Ikifika, zitashikana usiku kucha. Fupisha kitanzi.

Halafu chubwi. Hapa usilifunge kwenye nailoni ileile ya 0.60. Chukua shibiri moja ya ile nyembamba, ya 0.40, ufunge ncha moja kwenye chubwi na nyingine chini ya mshipi wako. Chubwi likibanwa na mwamba, na litabanwa, unavuta, ile nyembamba inakatika, unapoteza kipande cha risasi na kurudi na ndoana zako mbili, pengine na samaki juu yake. Wavuvi wengi kwenye mwamba mkali hawatumii risasi kabisa chini hapo. Wanafunga nati kuukuu, plagi ya gari iliyokwisha kazi, au jiwe lenye kiuno. Mimi naunga mkono: risasi chache baharini ni bora.

Uzito unautafuta kwa mkondo. Siku za maji mafu gramu 60 zinakaa chini vizuri. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya hapa yanapanda na kushuka karibu mita nne, na mkondo wa kati ya visiwa unalibeba chubwi jepesi kama jani. Ongeza mpaka uhisi linagota. Mshipi ukienda mbali kimshazari badala ya kushuka wima, huvui chini tena.

Mshipi wa chubwi la kuteleza

Huu ni wa mchanga na nyasi za bahari, mahali pasipo na mawe ya kunasa, na wa kutupia kutoka ufukweni. Kazi yake ni kwamba samaki akishika chambo na kuondoka, nailoni inapita ndani ya tundu la chubwi bila yeye kuhisi uzito.

Chukua chubwi lenye tundu katikati. Pitisha mshipi mkuu ndani yake. Funga swiveli mwishoni kwa fundo la kuzungusha. Hiyo ndiyo itakayolizuia chubwi lisishuke mpaka kwenye ndoana. Tundu la chubwi likiwa pana kuliko swiveli, tia ushanga mmoja mgumu kati yao. Upande wa pili wa swiveli funga shibiri tatu za nailoni ya 0.40 au 0.50, na ndoana moja mwishoni. Basi. Chaa, changu na kolekole wadogo wanapatikana hivi kwenye maji ya kiunoni, alfajiri maji yakianza kujaa.

Chelezo

Kwa watoto gatini, na kwa kupata vibua wa chambo. Kipande cha boya au cha ndara, ndoana namba 8 au 10, chubwi dogo kama punje ya choroko, na pima moja ya nailoni kati ya chelezo na ndoana. Kikizama, vuta.

Waya

Nguru na mzia hawana mzaha na nailoni. Wakivuka mbele ya chubwi lako utarudi na ncha zilizokatwa safi, moja baada ya nyingine, mpaka ndoana zikuishie. Kwa hao tia waya mwembamba wa chuma kisichoota kutu, urefu wa shibiri moja na nusu, kati ya swiveli na ndoana.

Waya mgumu haufungwi fundo. Pitisha kwenye tundu la ndoana, kunja, kisha sokota waya mbili kwa pamoja mara tano, zote mbili zikizungukana sawasawa kama herufi X zilizopangana. Baada ya hapo uzungushe mkia peke yake kwenye waya mkuu mara tano, mizunguko imeshikana bila nafasi. Mkia usiukate kwa koleo, kwani utabaki mwiba wa kukuchana kiganja. Ukunje mara kadhaa mbele na nyuma mpaka ukatike wenyewe kwenye shina.

Chambo chake kizuri ni kibua aliye hai, ndoana 4/0 ikipita juu ya pua au mgongoni mbele kidogo ya pezi. Isiguse uti. Achwe aogelee nyuma ya chombo.

Chambo kwenye ndoana

Ngisi ndiye chambo ninachomwamini kuliko vyote. Ni mgumu, haondolewi kwa pigo moja, na karibu kila samaki wa mwambani anamla. Mpasue, mkate utepe wa upana wa kidole na urefu wa vidole vinne. Choma ndoana kwenye ncha ya utepe, itokeze, uigeuze na kuichoma mara ya pili, uache sehemu kubwa inapepea. Ncha ya ndoana lazima ionekane. Wanaoanza huificha yote ndani ya nyama wakidhani samaki ataiogopa. Samaki hajui ndoana ni nini, na ndoana iliyozikwa haimshiki.

Kamba mvishe kuanzia mkiani, anyooke na shina la ndoana. Dagaa na vipande vya kibua ni laini sana, kwa hiyo vizungushie uzi wa kushonea mara sita hivi, na uzi wenyewe hauhitaji fundo. Mkono wa pweza uponde kwanza, vinginevyo samaki ataunyonya na kuutema.

Kushusha na kupandisha

Shusha mpaka chubwi ligote, kisha pandisha kiasi cha shibiri mbili. Mshipi uulaze juu ya kidole cha shahada. Changu anagonga mara mbili tatu, tk, tk, kama kucha kwenye meza. Ngoja mpaka auvute ndipo uinue mkono kwa haraka. Ukitumia ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imeelekea ndani, usishtue kabisa. Kaza mshipi taratibu na itamshika mwenyewe kwenye pembe ya mdomo. Ndoana hizi nazipenda kwa sababu samaki mdogo unamrudisha akiwa mzima.

Usiuzungushe mshipi mkononi kamwe. Kolekole mzito akikimbia, nailoni inaingia mpaka kwenye mfupa. Vaa vipande vya tyubu ya baiskeli vidoleni, kama wafanyavyo wazee, na mshipi unaopanda uache uanguke karibu na miguu yako, mbali na ndoana ya mwenzako.

Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, ngogo anayo mgongoni na kwenye mapezi ya kifuani, na taa ana mwiba mkiani. Washike kwa kitambaa na koleo. Ukichomwa, tia mahali hapo kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu, kisha nenda kituo cha afya, hasa ukihisi kifua kubana au uvimbe kupanda. Bunju, yule anayejivimbisha, mrudishe baharini. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Kabla ya kushusha popote pageni kwako, uliza kamati ya wavuvi ya hapo kuhusu leseni na maeneo yaliyofungwa. Mwamba wa Chumbe, kwa mfano, haivuliwi humo tangu 1994, na samaki wanaokulia pale ndio wanaotoka kuja kwetu.

Ukirudi nyumbani

Osha kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi: ndoana, swiveli, kibao, koleo. Anika kivulini, kwa maana jua huifanya nailoni kuwa kavu na dhaifu. Kisha pitisha pima mbili za mwisho za mshipi mkuu kati ya kucha zako, polepole, macho ukiwa umeyafumba. Kila utakapohisi mkwaruzo, kata hapo, hata kama ni nusu ya pima nzuri inayokwenda na takataka. Mafundo yote ya leo yakate pia. Yapige upya usiku huu ukiwa umekaa, taa imewaka na mikono imekauka, maana kesho maji yatajaa kama dakika hamsini baadaye kuliko leo, na hizo dakika hamsini ni afadhali uzilale.